Hatua ya Mwisho ya Matobolwa

Kikundi cha Jabali kina wanawake kumi na wawili na simu moja. Simu yenyewe ni nyeusi, kioo chake kimepasuka kwenye kona, na inakaa ndani ya kifuko cha kitenge ambacho Recheli alikishona kwa mkono wake. Kwa miezi mitano kifuko hicho kilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Mwanaye Benjamini, aliyekuwa na miezi minane, alikijua kile kifuko kuliko anavyomjua babu yake. Akikiona tu ananyoosha mikono.

Aliyeshika simu ndiye aliyeandika kwenye ukurasa wa kikundi mtandaoni. Hakuna aliyemlipa Recheli kwa kazi hiyo wala yeye hakuomba kulipwa. Alikuwa amemaliza darasa la saba kule Igalula, mwalimu wa Kiswahili akimsomea insha zake mbele ya darasa zima, kisha shule ikaishia hapo. Akaolewa na Zablon, dereva wa bajaji mjini Tabora, wakapanga vyumba viwili Isevya, akapata mtoto. Tangu siku ile mwalimu alipokunja daftari lake la mwisho, hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike kitu. Mpaka Mama Eustadia, mwenyekiti wa kikundi, alipoinua ile simu mbele ya wanawake akasema, "Nani kati yetu mwandiko wake unasomeka?" Wenzake wakamsukuma mbele.

Wanawake hao hukausha viazi vitamu juu ya jabali pana lililo nyuma ya nyumba za mwisho, mahali ambapo jua likitua jiwe linabaki na joto kama mgongo wa ng'ombe. Wengine hukata viazi vibichi wakavianika, hiyo ndiyo michembe. Lakini sifa ya kikundi ni matobolwa: viazi vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa vipande, ndipo vinaanikwa mpaka vikauke vikawa vitamu na vigumu, vya kutafuna na karanga. Kazi ya Recheli ilikuwa kuwaeleza watu wa mbali mambo hayo.

Na Recheli alieleza. Tatizo lilikuwa moja, nalo hakulijua kuwa ni tatizo. Kwao Igalula mtu hafiki kwenye ua wa watu akaanza kutaja shida yake. Anapiga goti, anapiga makofi taratibu, anauliza wa nyumbani, anauliza watoto, anauliza mvua, anauliza mgonjwa aliyesikia habari zake mwezi uliopita. Anayeingia akisema shida yake moja kwa moja ni askari, au mtu aliyepatwa na msiba. Sasa Recheli angewezaje kuingia kwenye simu za watu wa nchi nzima, watu asiowajua hata sura, bila kuwasalimia? Kila andiko lake lilianza hivi:

"Mwangaluka ndugu zangu wote. Shikamooni wazee wetu popote mlipo. Wadogo hamjambo? Nyumbani kwenu wameamkaje? Watoto hawajambo? Na wagonjwa wanaendeleaje? Sisi huku Tabora tu wazima, baridi imeingia, upepo ni mkali, watoto wana mafua kidogo lakini Mungu anasaidia. Baba mdogo Luhende wa Kaliua, salamu zako tulizipata, na ule mguu tunauombea..."

Ikaendelea hivyo mistari kumi na mmoja, kumi na miwili. Simu huonyesha mistari mitatu tu ya mwanzo, mengine mpaka mtu abonyeze ayafunue. Wengi hawakubonyeza. Kila andiko lilipata laiki nane au tisa, na komenti moja isiyokosekana, ya baba mdogo Luhende: "Marahaba mwanangu. Mguu unaendelea. Msalimie Zablon."

Recheli aliridhika na zile tisa, mpaka Koleta alipohamia kwenye ua wao.

Koleta alikuwa na miaka ishirini. Alizaliwa kwenye nyumba za reli pale Kaliua, akamaliza kidato cha nne, na sasa alifanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi karibu na soko. Msichana mwepesi, mwenye kucheka kwa kufunika mdomo, aandikaye kwa vidole gumba vyote viwili huku macho yake yakikutazama wewe. Alijiunga na kikundi mwezi wa nne. Alikuwa na ukurasa wake mwenyewe, akiandika habari za stesheni, za abiria, za mayai ya kuchemsha yanayouzwa dirishani kwenye treni.

Jioni moja walikuwa wakiosha vyombo pamoja. Recheli, maneno yakimtoka tu kama yanavyomtoka mtu mwenye mikono ndani ya maji, alisema, "Bibi yangu alikuwa akisema hiki chakula kimetembea kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Wapagazi walikuwa wanakifunga kwenye pembe ya nguo. Wakichoka wanatafuna kipande, wanabeba tena pembe za ndovu."

"Hee," alisema Koleta. "Kumbe."

Kesho yake Koleta aliandika kwenye ukurasa wake: "Kipo chakula kilichotembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani. Jana nimekila na chai." Chini yake akaweka picha ya jabali limejaa vipande vya rangi ya machungwa, na mistari mingine mitano ya kueleza kikundi. Basi. Kwa siku mbili watu elfu tatu na mia mbili waliweka laiki.

Recheli aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi nyumbani kwa mdomo wa mumewe. Walikuwa wanakula ugali na mboga ya nsansa, Zablon ameegemeza simu yake kwenye bakuli la mboga.

"Sikia huyu binti anavyoandika," alisema Zablon, akasoma kwa sauti, akacheka mwenyewe. "Jana nimekila na chai. Huyu ana akili."

"Hayo ni maneno yangu."

"Yako? Uliyaandika wapi?"

"Mwezi wa tatu. Kwenye ukurasa wa kikundi. Yapo mpaka leo."

Zablon alitafuna polepole kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. "Mwezi wa tatu," alisema. "Ile ya mwezi wa tatu niliisoma. Nilifika kwenye mguu wa baba mdogo, abiria akaniita."

Recheli alimlisha mtoto tonge, akajilamba kidole. Lakini kuanzia jioni ile kitu fulani kilimkaa chini ya mbavu, kigumu, kama kipande cha tobolwa kilichomezwa bila kutafunwa. Alianza kuzijua hesabu za Koleta kuliko Koleta mwenyewe. Akinyonyesha, anafungua ukurasa wa Koleta. Uji ukichemka, anafungua. Akaacha kuimba akifua. Koleta akipita uani na kikombe chake cha chai akasema, "Umeamkaje Mama Beni?" Recheli anaitika vizuri tu, halafu anamtazama kisigino akiondoka, anajiuliza mtu anawezaje kuwa na kisigino laini namna ile na bado watu wamsome.

Alimwonea wivu kwa vidole gumba viwili. Alimwonea wivu kwa kidato cha nne. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Koleta hakuwasalimia watu, na watu hawakuona kuwa amekosa adabu.

Mwezi wa sita Mama Eustadia aliwaita wote jabalini. Alikuwa mama wa miaka sitini, mpana, mwenye kufunga khanga mbili, na macho yake hayakuona tena herufi ndogo. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea mambo ya mtandao.

"Naambiwa tuna ukurasa wetu watu hawauoni," alisema, "na Koleta ana wa kwake watu wanauona. Mimi sijui mambo hayo. Nanenane inakuja, tutapanga matobolwa yetu pale uwanjani, nataka watu waje wanatujua. Kwa hiyo kila mmoja wa hawa wawili aandike somo. Amwandikie mtu ambaye hajawahi kuona kiazi kikianikwa tangu azaliwe, afundishike mpaka akaushe cha kwake. Recheli aandike kwenye ule wa kikundi, Koleta kwenye wa kwake. Litakalosomwa, mwenye nalo ndiye atashika simu."

"Nisiposhinda?" aliuliza Recheli.

"Utanipa kifuko, mayo, nitampa mwenzako. Si vita."

Mwanamke mmoja, Agnetha, ambaye hawezi kukaa bila kumchokoza mtu, alisema, "Recheli atamaliza kusalimia Nanenane ikiwa imepita." Wakacheka, na Koleta akacheka akifunika mdomo. Recheli naye alicheka.

Aliandika Jumatatu, mtoto akiwa amelala mgongoni. Lilikuwa somo kamili. Kuchagua viazi visivyotobolewa na wadudu, kuchemsha na maganda, kungoja vipoe ndipo umenye, unene wa kipande uwe kama kidole kidogo, kuanika, kugeuza asubuhi ya pili, kuondoa kabla ya umande. Na mwisho kabisa, mstari wa chini, akaandika jambo ambalo yeye alilijua kwa machozi. Akiwa na miaka kumi aliachiwa gunia la matobolwa alifunge. Akalifunga likiwa limetoka juani vilevile na joto lake. Baada ya wiki mbili gunia zima lilikuwa na nywele nyeupe za ukungu, na bibi yake hakumpiga, alikaa tu akalitazama. Kwa hiyo Recheli aliandika: yaache kwanza yapoe kivulini kabla hujayafunga, yakifungwa na joto hutoa jasho na kuoza.

Lakini kabla ya yote hayo alikuwa ameandika salamu, mistari kumi na minne, kwa kuwa somo lilikuwa kubwa na yeye hakutaka kuwa mtovu wa heshima. Hadi Jumatano jioni lilikuwa na laiki tisa.

Jumatano hiyohiyo Koleta alimkuta anapepeta mchele mlangoni.

"Mama Beni, nimelisoma somo lako lote. Zuri sana." Akachuchumaa, simu mkononi. "Ila nielekeze kwa mdomo. Kwa mdomo naelewa zaidi. Sisi watoto wa reli tulikuwa tunayala tu, hatujui yanatoka wapi."

Recheli aliacha kupepeta. Angekuwa amelisoma lote, asingekuja kuuliza. Alifika kwenye mguu wa baba mdogo kama wengine, akageuzia pale. Sasa anataka apewe kwa mdomo yale ambayo mwenzake ameyaandika siku nzima na mtoto mgongoni, akayaweke kwenye mistari sita, yapate elfu tatu.

"Kaa," alisema Recheli.

Alimweleza. Viazi, maji, maganda, kisu, unene, jabali, kugeuza, umande. Alieleza vizuri, tena kwa mifano, na vile vidole gumba vikawa vinakimbia. Alipofika kwenye kuondoa juani siku ya mwisho, alinyamaza.

Koleta alisubiri. "Halafu?"

"Halafu unafunga. Gunia, ndoo, chochote chenye mfuniko."

"Basi? Ndo mwisho hapo?"

Benjamini alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika punje moja ya mchele kwa vidole viwili, anamtazama mama yake kwa utulivu kabisa.

"Ndo mwisho," alisema Recheli.

Somo la Koleta lilianza: "Kama unaweza kuchemsha maji, unaweza kutengeneza matobolwa. Nipe dakika moja nikufundishe." Watu walilishea kama mtu anavyogawa pipi. Wa Morogoro, wa Tanga, wa Mbagala, hata mama mmoja aliyesema yuko Muscat na anakumbuka nyumbani. Wakaweka picha za viazi vyao vimepangwa juu ya mabati, juu ya ungo, juu ya meza ya plastiki kwenye ubaraza wa ghorofa. Koleta, naye ni mtu wa watu, akawajibu mmoja mmoja: nyembamba zaidi dada, hapo safi kaka, leo geuza. Mjukuu wa Mama Eustadia akamsomea bibi yake. Ikapangwa kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba kifuko kitahama.

Wiki hizo mbili Recheli alikosa raha kwa namna mbili zilizopishana. Asubuhi alitamani viazi vile vyote vioze. Mchana alitamani visioze, kwa kuwa alikuwa amewaona wenyewe, nyuso zao, watoto wao wamesimama kando ya ungo wakitabasamu. Mara mbili alikwenda mpaka mlango wa Koleta. Mara ya kwanza Koleta hakuwepo. Mara ya pili alikuwepo, na simu yake ilikuwa inalialia kwa komenti, akasema, "Mama Beni, ngoja kidogo niwajibu hawa," na Recheli akarudi zake.

Picha ya kwanza ilitoka Morogoro. Ndoo ya plastiki iliyofunguliwa, ndani vipande vimevaa ukungu kama ndevu zilizonyolewa vibaya. Chini yake: "Nimefuata kila neno. Watoto wangu walikuwa wanasubiri." Ikaja ya Tanga. Zikaja nne kwa siku moja, kisha kumi na moja. Mmoja akaandika kwamba watu wa Tabora ni wachoyo, hawafundishi mtu kitu wakakimaliza. Mwingine akataja kikundi kwa jina.

Koleta aliingia kwa Recheli bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Macho yalikuwa mekundu. Akaketi kwenye kigoda, akasoma kutoka kwenye simu, sauti yake imekauka:

"Na mwisho kabisa wapendwa, yaache kwanza yapoe kivulini kabla hujayafunga, yakifungwa na joto hutoa jasho na kuoza." Akainua macho. "Hii uliiandika Jumatatu. Mimi nilikuja Jumatano."

Recheli alikuwa anamvisha mtoto sweta. Mkono mmoja ulikuwa umeingia, mwingine bado.

"Nilikudanganya," alisema Koleta. "Nilikwambia nimelisoma lote. Sikulisoma. Ningelisoma ningeiona. Leo ndo nimefika chini." Akafuta pua kwa kiganja. "Mbona hukuniambia lakini?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi na Recheli alipita. "Nilisahau," alisema.

"Eeh." Koleta alitikisa kichwa taratibu. "Na kweli ulikuwa na mtoto, ulikuwa unapepeta. Mtu anasahau."

Alimwamini. Recheli alingoja aone dalili kwamba hakumwamini, hata ndogo, hakuiona.

Jumamosi wanawake walikusanyika. Mama Eustadia alikuwa amekasirika kwa namna yake, yaani aliongea polepole. Alisema jina la kikundi limetajwa vibaya mpaka Morogoro. Akamuuliza Koleta nani alimwelekeza.

Koleta hakumtazama Recheli. "Nilielekezwa vizuri, mama. Mimi ndiye niliyesahau kuandika."

"Basi simu ibaki ilipo," alisema Mama Eustadia. "Recheli anasalimia sana, lakini hajaozesha viazi vya mtu."

Agnetha akapiga kigelegele kifupi cha utani, wengine wakampongeza Recheli begani. Kifuko cha kitenge kilikuwa kifuani pake, kamba yake shingoni. Alikuwa amekitaka kile kitu mpaka akawa hawezi kula vizuri, na sasa kilikuwa chake, na kilikuwa kizito kama kimetiwa kokoto. Kule pembeni Koleta alikuwa anageuza matobolwa ya watu wengine, kipande kimoja kimoja, kwa adabu, kama mgeni.

Recheli alishuka jabalini kabla ya kikao kuisha. Alifika nyumbani, akamweka mtoto kwenye ziwa, akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja. Alianza kwa mazoea: Mwangaluka ndugu zangu. Akayatazama yale maneno. Akayafuta. Hakuwa na uso wa kumuuliza mtu habari za watoto wake ilhali amewaozeshea chakula. Akaandika:

"Matobolwa yenu yameoza kwa sababu yangu. Koleta aliniuliza kama ndo mwisho, nikamwambia ndo mwisho, na haukuwa mwisho. Nilimwonea wivu kwa kuwa yeye anasomwa na mimi sisomwi. Sikusahau. Niliificha hatua moja, nayo ni hii.

"Ukiyatoa juani jioni ya mwisho yashike. Yana joto kama paji la mtoto mwenye homa. Usiyafunge. Yakifungwa hivyo yanatoa jasho humo ndani, na jasho hilo ndilo linalozaa ukungu. Yatandaze kivulini. Kaa. Pika chai, nyonyesha mtoto kama unaye. Yashike tena. Yakiwa ya baridi kama kiganja chako, hapo funga. Mimi niliozesha gunia zima la bibi yangu nikiwa na miaka kumi kwa kutokujua hili. Ninyi mmeozesha kwa kuwa mimi nilijua. Kosa si la Koleta wala la kikundi. Mimi ni Recheli wa Igalula, naishi Isevya."

Akabonyeza kabla hajasoma tena.

Zablon ndiye aliyekuja kumwambia, bajaji imesimama barabarani injini ikinguruma. "Mke wangu umefanya nini? Stendi nzima wanasoma." Akakaa kitandani, kofia mkononi. "Mimi nimesoma mpaka mwisho," alisema. "Abiria aliniita, nikamwambia asubiri."

Watu walisoma. Wengine walimtukana, na mmoja alimwita mchawi wa viazi, jina ambalo Agnetha alilipenda sana na bado analitumia. Lakini wengi zaidi walikaa pale wakaeleza ya kwao: aliyemficha dada yake kipimo cha unga wa maandazi, aliyemnyima jirani jina la fundi mzuri. Yule mama wa Morogoro aliandika: "Angalau umesema. Nina viazi nusu ndoo vimebaki. Naanza upya leo, nitakwambia." Chini kabisa kulikuwa na komenti ya baba mdogo Luhende wa Kaliua. "Mwanangu mbona leo hujasalimia? Kuna msiba?"

Siku nne Koleta hakumsemesha. Alipita uani na kikombe chake, akatazama mbele. Recheli hakumfuata. Siku ya tano Mama Eustadia aliwaita wote jabalini, na safari hii alisema neno ambalo watu wa vijijini wanalijua vizuri na watu wa mjini wanalicheka: mchenya. Ndiyo ile faini ambayo jamii humtoza aliyeikosea, na kijijini yaweza kuwa mbuzi au hata ng'ombe.

"Mbuzi hana," alisema Mama Eustadia. "Atapika. Sufuria moja kubwa, matobolwa na karanga za kusaga, atugawie sote kwa mkono wake, wa kwanza Koleta. Na simu ataitoa."

"Lakini mama," alisema Agnetha, "aliyesomwa safari hii ni Recheli."

"Nimesikia. Kusomwa amesomwa. Simu ataitoa."

Recheli alipika. Alichagua matobolwa aliyoyakausha mwenyewe, akayaloweka, akasaga karanga mara mbili ziwe laini. Alipiga goti mbele ya Koleta na bakuli. Koleta alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaonja, akatafuna muda mrefu.

"Elfu sita na mia nane," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Lako. Langu la wapagazi lilikuwa elfu tatu na mia mbili. Siku nne hizi nimekuwa nikiliangalia kila saa. Kazini fotokopi zimenitoka mbili mbili." Akafunika mdomo, lakini safari hii si kwa kucheka. "Nilikukasirikia kwa ulichonifanyia, Mama Beni. Halafu nikajichunguza, nikaona nusu ya hasira ni hizo elfu sita."

"Inakaa hapa," alisema Recheli, akajigusa chini ya mbavu.

"Hapohapo."

Hawakukumbatiana wala kulia. Recheli alimtazama akitafuna, akamwona bado ana vidole vyepesi, bado ana kisigino laini, na kile kipande chini ya mbavu kilikuwepo bado, kimepungua kidogo tu. Akavua kamba shingoni. Benjamini alipoona kifuko kinakwenda kwa mtu mwingine alinyoosha mikono, akaanza kulalamika.

"Kabla sijakupa," alisema Recheli, "kuna mzee anangoja majibu."

Koleta alisogea kwenye jiwe, akampa nafasi. Recheli akakaa, akatoa simu, akafungua ile komenti ya chini kabisa, akaanza kwa kidole kimoja. Mwangaluka baba mdogo. Shikamoo. Hakuna msiba. Nyumbani wameamkaje? Na mama mdogo? Mguu unaendeleaje, na ile dawa waliyokupa ilikufaa? Huku sisi tu wazima, upepo umepungua, mtoto ameota jino la pili...

Koleta alinyoosha shingo, akawa anasoma kila mstari ulivyotokea, bakuli likipoa mapajani mwake.